Mvua Iliyobaki Ndani ya Hortense

Mwezi wa kumi, vumbi la mtaa wetu wa Kikula halitui. Linapanda na kila gurudumu la baiskeli, linaingia kwenye unga, kwenye nywele, kwenye kinywa cha mtu anayecheka, na jua likilipiga linawaka hewani, jekundu, mtaa mzima ukaonekana kama unaungua bila moshi. Likasi nzima huomba mvua ije ililaze. Wewe peke yako, Hortense, mdogo wangu, ulilipenda. Ulisimama katikati ya njia umefumba macho, likakupaka uso wote, ukaniambia mimi dada yako, "Yaya, bora hii. Bora hii ibakie."

Ulikuwa na miaka kumi na mitano, na ulikuwa unaogopa mawingu.

Mimi Fidélie, dada yako mkubwa, nakusimulia yaliyokupata. Nakusimulia kwa sababu mengine huyakumbuki, na mengine unayakumbuka kwa namna inayokuuma zaidi ya ilivyopasa. Kaa hapa. Nipe mkono wako wenye kovu. Sikia.

Ilikuwa miaka ile mji wetu ulipokuwa unaanguka kipande kwa kipande. Tanuri za shaba zilipoa. Papa Symphorien, baba yetu, mchomea vyuma, aliendelea kuvaa ovaroli yake ya buluu kila asubuhi, akaenda kusimama getini kwa kiwanda na wenzake, akarudi na ovaroli safi. Mama Marcelline akatulisha kwa samaki wakavu wa ziwa Tshangalele aliowauza sokoni Kikula. Na majirani zetu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wameshafukuzwa. Walipigwa, wakachomewa vitu vyao, wakalala kwenye kituo cha treni na watoto wao wakingoja mabehewa ya kuwapeleka katika nchi ambayo watoto hao hawakuwahi kuiona.

Nyumba zao zilibaki. Watu waling'oa milango. Wakang'oa madirisha. Wakang'oa mabati. Kuta za matofali mabichi zikabaki wazi, mvua ikazilamba, zikaporomokea ndani ya mtaro mkubwa uliopita nyuma ya kwetu. Hakuna aliyeuzibua. Nani angeuzibua? Mji ulikuwa hauna mwenyewe.

Mtaro ukaziba, na mvua ikaja.

Ilikuwa mchana. Mama nami tulikuwa sokoni, tumefunika samaki kwa nailoni. Papa alikuwa getini. Nyumbani ulibaki wewe na Chérie, kitinda mimba wetu, aliyekuwa bado hajaanza shule, aliyeogopa radi hata akajificha chini ya meza. Ulimtoa chini ya meza. Ulimweka mgongoni ingawa alikuwa mkubwa na mzito, ukamfunga kwa kitenge cha Mama, ukakaza fundo kifuani, ukamwimbia. Hilo ulikumbuke, Hortense. Kabla ya yote, ulimwimbia.

Nyuma ya zile kuta zilizoanguka, maji yalijikusanya. Yakapanda, yakangoja, yakapanda. Kisha kuta zikaachia.

Hayo yaliyokuja hayakuwa maji tena. Ilikuwa mbao na misumari, mbuzi na magunia, vyoo vya watu, jiwe la kusagia, nusu ya baiskeli, yote yamefungwa pamoja kwa tope, yakishuka bondeni kwa mngurumo uliotikisa vikombe ndani ya makabati. Yalipiga jiko, jiko likaenda. Yalipiga chumba, chumba kikaenda. Yalikupiga wewe kifuani, yakakupindua, yakakuburuta juu ya mawe, yakakujaza kinywa, yakakuzamisha, yakakutapika. Na mgongoni, mikono ya Chérie ilikukaba shingo. Ilikukaba kwa nguvu. Kisha haikukukaba tena.

Walikuta umekumbatia mparachichi, kucha zako zimezama kwenye gome. Ilibidi watu watatu wakubandue. Kitenge kilikuwa bado kifuani pako. Fundo lilikuwa bado limekaza, limekaza hata halikufunguka, wakalikata kwa kisu. Mgongoni hakukuwa na kitu.

Mama alifika mbio, kiatu kimoja, tope hadi mapajani. Alikushika uso. Akakugeuza, akatazama mgongo wako. Akakugeuza tena.

"Chérie iko wapi?"

Ulifungua kinywa, likatoka tope.

"Hortense, nakuuliza! Mutoto iko wapi?"

Ulitikisa kichwa. Ndipo Mama akakuachia, akarudi nyuma, akasema neno lile mbele ya watu wote, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Ju ya nini weye njo umetoka?"

Kwa nini wewe ndiye umetoka. Hakusema zaidi. Alikaa chini kwenye tope, akaanza kupiga ardhi kwa viganja, akapiga, akapiga, na mvua ikapiga pamoja naye.

Chérie alipatikana chini kabisa, kwenye kona ya kijito, chini ya mlango uliochorwa ua. Papa aliunga msalaba wake kwa nondo, cheche zikimrukia usoni. Hakuvaa miwani yake ya kazi. Alitaka zimchome.

Kisha kiangazi kikaja, na watu wakasema umepona. Tulihamia chumba cha kupanga, juu kidogo ya bonde. Ulipika, ulifagia, ulikwenda misa. Lakini ulilala umekaa, mgongo umeubana ukutani, ili pasiwe na kitu nyuma yako. Ulikula kucha hadi damu. Mtu akimimina maji kwenye ndoo ulitoka nje. Shuleni mwalimu alikuita jina, hukusikia. Akakugusa bega, ukamrushia dawati. Wakakurudisha nyumbani. "Atazoea," walisema. Na Mama hakukutazama machoni, kwa sababu lile neno lilikuwa limekaa katikati yenu mezani, linakula nanyi, linalala nanyi, na hakuna kati yenu aliyejua namna ya kulifukuza.

Mvua ya kwanza ilipopiga mabati, ulichukua mtwangio.

Sisi tulidhani umeamka kutwanga. Ulipiga dari. Ulipiga mabati kutoka chini, ukayatoboa, ukapiga taa, ukapiga kioo cha Mama, ukipiga kelele kuliko radi, "Inyamaze! Inyamaze!" Mama alikushika, ukamng'ata mkono hadi nyama ikaachana. Papa akakuangusha, akakuwekea goti kifuani, mwanamume yule mpole ambaye hakuwahi kumpiga hata mbwa, akakukandamiza sakafuni akilia, "Mwanangu, mwanangu, acha," na wewe ukakipiga kisogo chako chini, pa, pa, pa, mpaka mvua ikakoma. Ilipokoma, nawe ulikoma. Ulituangalia kama mtu aliyerudi kutoka safari, ukauliza ni nani aliyevunja kioo.

Kila mvua ikawa hivyo. Majirani walihesabu mayowe yetu kupitia ukutani, kisha wakaacha kutusalimu. Wakaja watu wa maombi, wakasema una pepo la maji, wakataka wakufunge kamba na kukunyima chakula mpaka litoke. Papa aliwafukuza na nyundo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka nje ya nyumba, likatembea kutoka kisima hadi kisima. Mulozi, yaani mchawi. Yule mtoto ni mulozi. Alimtoa mdogo wake sadaka kwa maji.

Siku ya sokoni unaisahau. Mimi siwezi.

Mawingu yalitanda mchana, meusi, mazito, yakabana joto chini. Wewe ulikuwa nyuma ya meza yetu unapanga samaki. Upepo ukanukia mvua. Nilikuona unainua kichwa, nikaona macho yako yanakimbia, kutoka kwa mwanamke mmoja hadi mwingine, kwa sababu sokoni kila mwanamke alikuwa na mtoto mgongoni.

Ulipita juu ya meza. Samaki wakamwagika. Ulimrukia mama mmoja kwa nyuma, ukashika fundo la kitenge chake, likakataa, ukalikata kwa meno. Mtoto akadondokea mikononi mwako, ukamweka chini ya meza ya unga, ukamrukia mwingine. "Mubafungue! Mubafungue batoto! Mayi inakuya!" Kwamba maji yanakuja. Mwanamke wa pili alianguka na mtoto wake. Wa tatu alikupiga na sufuria, hukusikia, ukampasua kitenge, na watoto walikuwa wanalia, na wewe ulikuwa unalia kuliko wao.

"Iko naiba batoto!"

Ilitosha sauti moja.

"Mulozi! Mulozi wa Chérie!"

Jiwe la kwanza lilikupata sikioni. La pili mgongoni. Kisha hayakuwa mawe tu. Ilikuwa viatu, na magongo, na mawe ya mizani, na ngumi za watu waliokuwa wamenunua samaki kwetu asubuhi ile. Walikupiga kwa mishahara ambayo haikuja. Walikupiga kwa njaa, kwa majirani waliowafukuza, kwa milango waliyoiba, kwa watoto wao wenyewe waliozikwa bila dawa. Nilishika mguu wako, wakakanyaga vidole vyangu. Nilisikia mtu anaita tairi la kukuchomea. Nililiona likija, likipita juu ya vichwa, kutoka mkono hadi mkono.

Ndipo Mama alipoingia. Sijui alipita wapi. Alipita kwa meno, kwa viwiko, kwa kichwa, akajitupa juu yako kifudifudi, mwili wake wote juu ya mwili wako wote, na gongo lililokuwa linakujia likavunja bega lake. Nilisikia mfupa.

"Mupige minye!" alipaza. "Minye njo mama yake, mupige minye! Mayi ilibeba mutoto wangu, huyu akatoka, na minye nikamuuliza ju ya nini njo yeye ametoka! Ni minye nilimuua ile siku! Mayi ilishindwa kumuua, minye nikamuua na kinywa yangu! Mulete ile pneu! Mulete, muniweke minye!"

Lile tairi lilikaa hewani, mikononi mwa mtu aliyekuwa hajui tena alitaka kulipeleka wapi.

Hapo mvua ikaanguka. Nitakuambia ukweli, Hortense: sijui kama walikuacha kwa ajili ya maneno ya Mama au kwa ajili ya kukimbilia unga wao usilowe. Labda wenyewe hawajui. Soko likawa tupu, yakabaki mabua ya kabichi na damu na sisi watatu. Mvua ikakupiga usoni. Ulianza kujirusha, ukampiga Mama kwenye bega lile lile lililovunjika, na yeye hakukuachia. Alikuwekea kinywa sikioni, lile lililopasuka.

"Nilibataka bote babili," alisema, wewe na Chérie. "Unasikia? Bote babili. Na weye nakutaka. Weye, weye, weye."

Alisema hivyo mpaka mvua ikakoma. Sijui uliyasikia mangapi.

Sista Clotilde, mtawa wa zahanati ya misheni, ndiye aliyekushona. Dawa ya ganzi ilikuwa imekwisha tangu mwaka uliotangulia, kwa hiyo tulikushika. Alipomaliza alinawa mikono, akasema mbele ya Mama, "Huyu si peke yake. Wale batoto bakubwa ya bondeni, karibu bote beko vile." Alikuwa amewaona. Msichana aliyekuwa anajichana mapaja kwa wembe. Mwingine wa rika lako, mrefu, ambaye hakuingia tena ndani ya nyumba yoyote, akalala uwanjani kwenye baridi ya mwezi wa saba. Na Evariste, miaka kumi na sita, aliyemchimbua mama yake topeni kwa mikono, ambaye radi ikilia alipiga paji la uso ukutani mpaka ukuta ukaingia alama.

"Nifanye nini nabo?" Sista alisema. "Siko na dawa ya ile. Niko na baraza tu. Mawingu ikikuya, mumulete akae na benzake."

Tukakuleta. Mlikaa barazani mmetenganishwa na hofu zenu, kila mmoja na ukuta wake. Mvua ilipoanza, Evariste akainuka, macho yamegeuka, akatafuta mahali pa kupiga kichwa. Wewe, uliyekuwa unatetemeka hata meno yanagongana, ulisukuma pipa tupu kwa mguu, likasimama kati yake na ukuta. Alilipiga kwa ngumi. Likalia. Akalipiga tena. Ukachukua mfuniko, ukapiga. Yule msichana akachukua beseni. Na mlipiga, Hortense, mlipiga mvua kama inavyopiga, mlipiga mpaka mabati ya Sista hayakusikika, mlipiga kwa mikono inayotoka damu, mkitukana mbingu kwa Kiswahili na kwa Kifaransa na kwa maneno ambayo Sista alijifanya hayajui. Mvua ilipokoma mlikuwa mmelala chini, mnahema, na Evariste alikuwa anacheka. Paji lake halikuwa na jeraha jipya.

Siku nyingine haikusaidia. Siku nyingine ulilivuka pipa na kuwarukia wenzako. Mara moja ulikimbia hadi barabara ya Buluo, tukakupata umelala mtaroni. Lakini ulirudi barazani, kila mawingu yakija ulirudi, na Mama alikuja nawe, mkono mmoja umefungwa kifuani, akapiga beseni kwa ule mwingine.

Msimu uliofuata watu walikuwa wamejenga tena bondeni. Pale pale. Wangejenga wapi? Matofali yale yale, misumari ile ile iliyonyooshwa kwa jiwe. Na mtaro ukaanza kuziba tena.

Ilikuwa alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, mmepiga mapipa hadi mmechoka. Ghafla uliweka mfuniko chini.

"Evariste, nyamaza."

Akanyamaza.

"Mutaro hailie tena," ulisema.

Nasi tukasikia. Mvua ilikuwa inanyesha, lakini chini kule, mtaro uliokuwa unanguruma tangu asubuhi ulikuwa kimya. Maji yalikuwa yanakaa mahali, yanangoja. Nilijiandaa kukushika. Ulinipita.

Uliteremka bondeni kwenye ile mvua unayoiogopa kuliko kifo, na Evariste nyuma yako na pipa lake, analipiga. Ulipiga mlango wa kwanza. "Mutoke! Mayi inakuya!" Mwanamke alichungulia, akakutambua, akafunga. Mlango wa pili, wakafunga. Mlango wa tatu, ndani mtu akacheka, akasema yule mwenda wazimu wa sokoni amekuja.

Ndipo ulipookota mawe.

Ulipiga mabati yao. Ulipiga madirisha. Ulipiga sufuria iliyokuwa motoni, maharage yakaruka ukutani. Uliwatukana mama zao na nyanya zao na makaburi yao. Ulimtoa Mzee Albert, seremala, kwa kola, ukamzaba kibao mbele ya wajukuu zake. Na bonde zima likatoka. Wanaume na magongo, wanawake na miiko, watoto wameshikwa mikono ili waone mulozi akiuawa. "Leo leo! Mumukamate!" Wewe ukakimbia kupanda mlima, ukigeuka, ukiwarushia tope, ukitukana, ukikimbia tena, na wao wote nyuma yako, wote, wakipanda, wakipanda, mpaka ukaanguka karibu na mlango wetu na wakakuzunguka na kuinua magongo.

Chini yao, kuta zikaachia.

Niliona nyuso zikigeuka. Niliona nyumba ya maharage ikiinama kama mtu anayepiga magoti, kisha haikuwepo. Ikaenda ya pili. Zikaenda zote. Mzee Albert alikuwa amewaacha wenzake njiani, akarudi kuchukua godoro. Tulimwona mlangoni, amelibeba kichwani, kisha tukaona godoro tu. Mwanawe alipiga yowe ambalo bado lipo katika mtaa ule.

Siku nyingi baadaye nilikuuliza kama ulikusudia wakukimbize. Ulikuna kovu la sikio, ukanijibu, "Yaya, nilibaita muzuri, bakafunga mulango. Nikabatukana, bakatoka bote." Kisha ukaongeza, "Paka Mzee Albert." Isipokuwa Mzee Albert. Na ukalia kwa ajili yake, na nikakuacha ulie.

Lakini jambo moja hulijui, kwa sababu hukuwa macho, nalo ndilo nililotaka kukufikishia.

Papa alikubeba ndani. Ulitetemeka mikononi mwake, ukamshika ovaroli, ukaiachia, na tulipokulaza kwenye mkeka tukangoja uanze. Mama alikaa chini akaweka kichwa chako pajani. Mabati yalikuwa yanalia juu yetu hata hatukuweza kusemezana. Tope lilikuwa limekugandia miguuni hadi magotini. Nilileta kitambaa nikuoshe, Mama akanizuia kwa mkono. Nikainama. Kinywa chako kilikuwa wazi. Ulikuwa unakoroma.

Watu wa bondeni walikuwa wamejaa mlangoni, hawana pa kwenda. Wengine walikuwa bado na magongo. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika mwiko. Wengine walikuwa wanalia kwa sauti, wengine wanaita majina, na mmoja akataka kuingia, sijui akushike miguu au akupige.

Mama aliinua uso.

"Munyamaze," aliwaambia. "Mutoto wangu iko nalala."

Na bonde zima lile, Hortense, lililopoteza kila kitu, likasimama nje kwenye mvua na kunyamaza.